Mwaka wa Kubeba Bendera

Jumamosi, 3 Oktoba 1981. Ibra.

Nimemwosha Ghazala baada ya alfajiri. Maji ya mfereji wa falaji yamekuwa baridi sasa, ngozi inamcheza kila nikimmwagia. Mkia nimeuchana kwa mafuta ya nazi. Baba kaniona, kasema, "Sisi tunapika wali mkavu, farasi anapakwa nazi." Ana haki.

Mwanangu Muna kakaa juu ya gunia la shayiri, anakula tende na kumrushia Ghazala kokwa.

Idi ni Alkhamisi. Ardha, gwaride la farasi, itakuwa kwenye uwanja wa bondeni. Nitatoka mwanzo peke yangu na bendera, nizunguke uwanja, nisimame mbele ya wakubwa, niinamishe bendera. Ndipo farasi wengine watoke mbio, wawili wawili, ubavu kwa ubavu. Kamati ya farasi imenichagua kwa mwaka mzima. Popote farasi wa Ibra watakapoitwa, wa mbele ni mimi. Sinaw, Nizwa, Sur.

Kuna wanaosema ni aibu. Mjane, ana mtoto, anapanda farasi mbele ya wanaume. Kuna wanaoniita Malkia. Alianza shoga yangu Rahma, mpanda farasi mwenzangu, kwa masihara, sasa hata vitoto vya njiani. Jana kimoja kimeniambia, "Malkia, mwanao kavua suruali."

Naogopa kuanguka. Sijapata kumwambia mtu.

Jumatatu, 5 Oktoba

Khalfan kampiga Ghazala viatu vipya. Khalfan ndiye anayewalea farasi wa kamati, na ndiye dereva wa lori lao. Yule farasi mwekundu anayeuma watu, kwake anaweka kichwa begani.

Ni mtu wa Unguja, tena mtaa wetu, Kikwajuni. Aliondoka mtoto, mwaka ule wa mapinduzi, na baba yake, wakaenda Dubai. Baba yake kafia huko. Kiswahili chake kimebaki pale pale, cha mtoto wa miaka tisa. Leo kaniambia, "Kiatu yake ya nyuma ilikuwa imelegea." Nimecheka. Kaona haya, kisha kacheka na yeye. Hucheka bila sauti, mabega tu.

Baba anampenda. Wakikaa wawili hawana jingine ila Kikwajuni. Kisima kilikuwa wapi. Nani alikuwa na baiskeli.

Alkhamisi, 8 Oktoba. Idi.

Sikuanguka.

Uwanja umejaa mpaka juu ya kuta. Nilipotoka kulikuwa kimya, nasikia kwato tu na bendera inapigwa na upepo. Halafu wanawake wakapiga vigelegele, na ni vya kwetu, nimevijua. Mabibi wote wa Kizanzibari walikuwa wamekaa upande mmoja na mabuibui yao. Ghazala aliposikia akajipinda shingo kama bibi harusi.

Nimemkumbuka marehemu mume wangu. Alikufa kwenye barabara ya Masqat, Muna tumboni. Aliniona napanda mara moja tu. Alisema, "Shuka, nisije nikawa na wivu na farasi."

Nimelia kidogo nyuma ya lori. Halafu nimekula nyama ya Idi ya kuokwa shimoni mpaka nimeshindwa kupumua.

Jumapili, 11 Oktoba

Khalfan kaja kutoa mkono wa Idi. Kakaa barazani na Baba. Nimepeleka kahawa na halua na nimerudi ndani, kama inavyotakiwa. Muna kabaki huko. Kampanda Khalfan magotini, kamshika ndevu, kamwita "Baba Farasi." Nimesikia kutoka jikoni.

Kisha Baba kasema, "Kunywa kahawa, inapoa."

Nimeosha vikombe vilivyokuwa safi.

Alkhamisi, 15 Oktoba. Sinaw.

Tumekuja na lori. Baba mbele na Khalfan, mimi na Rahma na Muna nyuma ya kiti, farasi nyuma yetu. Bila Baba nisingeweza kusafiri, na mgongo wake haupendi lori. Hakulalamika.

Sinaw vumbi, mbuzi na ngamia. Soko limejaa mabedui. Wanawake wao wana barakoa, macho tu yanaonekana, na macho hayo hayana haya. Mmoja kanishika mkono, kanipindua kiganja, kaangalia alama za hatamu. Kaniuliza kwa Kiarabu, "Una mume?" Nimesema kafa. Kasema, "Usikae sana. Farasi asiyepandwa anaharibika." Rahma kacheka mpaka kakaa chini.

Ardha ilikwenda vizuri. Mchanga mzito, Ghazala kajitahidi.

Baadaye nilikuwa namnywesha. Khalfan kaja na ndoo nyingine, kaiweka mbali nami, kama anavyofanya siku zote. Kasema huku anaangalia ndoo, "Nikizungumza na Baba, atanifukuza?"

Nimesema, "Mwambie yeye. Mimi usiniambie kitu."

Kasema, "Na wewe?"

Nimesema, "Mimi nimekwambia umwambie."

Kaondoka, kasahau ndoo.

Nina furaha. Naiandika hapa kwa sababu hakuna pengine pa kuiweka.

Jumanne, 20 Oktoba. Ibra.

Kamwambia. Baba hakutaka hata kungoja amalize. Kaja ndani, macho mekundu, kaniambia, "Mtoto wa Kikwajuni. Mtaa mmoja, ukuta kwa ukuta. Nilikuwa naogopa nitakufa nikuache kwa watu nisiowajua." Kasema, "Mama yako Moza angefurahi." Huwa hataji jina la Mama. Amekwisha kufa miaka mingi, Unguja, kabla hatujapata njia ya kuja huku.

Lakini anataka posa ya heshima. Mtu hajiposei mwenyewe kama yatima. Khalfan hana mama, alikufa akimzaa. Ana shangazi mmoja tu, Bi Thureya, alibaki Unguja miaka yote, mwaka huu ndio katoka, yuko Dubai kwa mwanawe. Atakuja baada ya sherehe za taifa za Novemba. Tutangoja.

Nikiolewa bendera nitaikabidhi. Ndiyo kanuni ya kamati, bibi harusi mpya haongozi farasi. Rahma ndiye anayefuata. Kasema, "Basi olewa haraka, mama, hiyo ndiyo chansi yangu."

Nitampa kwa mikono miwili.

Jumatano, 4 Novemba

Mazoezi. Muna ana kikohozi. Nimempa asali na ndimu.

Khalfan hazungumzi nami sasa hata kidogo. Heshima. Ila viatu vya Muna vilivyokatika nimevikuta vimeshonwa, vimewekwa mlangoni. Uzi ule ule wa kushonea matandiko ya farasi. Havitakatika tena mpaka Kiyama.

Alkhamisi, 19 Novemba. Nizwa.

Leo ndiyo siku yangu kubwa. Naandika nikiwa nimeegemea gurudumu la lori.

Watu wa mkoa wa Dakhiliya wote wamekuja. Ngome ile mviringo, watu juu yake wamejaa kama ndege. Mkubwa mmoja kanisimamisha, kaniuliza kwa Kiarabu mimi binti wa nani. Nimemtajia Baba mpaka babu wa nne. Kasema, "Kumbe mna asili, ila ulimi wenu umekwenda kutembea." Watu wamecheka, nami nimecheka. Ulimi wangu na ukae utembee.

Nimezunguka uwanja mara ya pili, haikuwa katika mpango. Ghazala alitaka. Mimi pia. Nilipopita pale walipo farasi nimemwona Khalfan kasimama juu ya boneti la lori ili aone. Mtu mzima.

Baba kamnunulia Muna kofia. Mimi nimejinunulia udi na leso mbili. Za harusi. Nimezificha chini ya tandiko.

Sijapata kuwa na siku kama hii. Alhamdulillahi.

Ijumaa, 27 Novemba. Ibra.

Nitaandika ilivyokuwa, taratibu.

Bi Thureya kaja baada ya sala ya Ijumaa. Mtu mzima, mnene, mcheshi, anatembea na kifimbo. Khalfan kamshusha garini kama yai. Kaja na sahani ya halua, kanga doti mbili, na udi. Nimembusu mkono. "Shikamoo, Bibi." "Marahaba, mwanangu. Hebu nikuone. Ndiye huyu anayekimbia na farasi? Mbona mwembamba hivi, upepo haukuchukui?"

Nimempenda pale pale.

Wanaume wakakaa barazani, mlango wazi, tunasikiana. Yeye kakaa na mimi na Rahma ndani, juu ya mkeka. Kanywa kahawa, kasifu mandazi. Akasema, "Khalfan kaniambia watu wa Kikwajuni. Nyumba gani?"

Nikamwambia ile karibu na kisima, yenye mlango wa buluu.

Akasema, "Nyumba ya kina Humud?"

Humud ni kaka yangu. Alikufa mdogo, mimi sijazaliwa. Nikasema ndiyo, alikuwa kaka yangu.

Akaweka kikombe chini. Akaniangalia sana. Akasema, "Wewe ni mtoto wa Moza."

Nikasema ndiyo. Nikatabasamu, nadhani kafurahi.

Hakutabasamu. Kashika kifimbo chake kwa mikono miwili. Kaita, "Khalfan. Njoo hapa mlangoni. Na wewe Bwana, njoo." Baba kaja, Khalfan nyuma yake.

Kasema hivi. Mama yake Khalfan alipokufa, mtoto alikuwa na siku chache. Akinyweshwa maziwa ya ng'ombe hayakai, anatapika yote. Analia mpaka sauti imekwisha. Mama yangu Moza alikuwa ana Humud, ananyonya. Akapita uani, akamchukua Khalfan, akampa ziwa. Bi Thureya ndiye aliyekuwa akimpeleka na kumrudisha.

Baba kasema, "Lini? Mimi nilikuwa wapi?"

"Pemba. Msimu wa karafuu."

Mwanamke hamnyonyeshi mtoto wa watu bila idhini ya mumewe. Mama aliona mtoto atakufa, hakungoja. Halafu akaona haya. Akamwambia Bi Thureya, "Bwana akirudi nitamwambia mwenyewe." Baba aliporudi, mtoto alikwisha pelekwa shamba kwa bibi yake. Aliporudishwa mtaani alikuwa anatembea na kula wali. Mama hakusema. Kisha Humud akafa, na nani angekuwa na moyo wa kutaja maziwa ya Humud.

Bi Thureya kasema, "Nilijua kasema. Miaka yote nilijua kasema."

Rahma ndiye aliyelia. Ziwa moja ni udugu, na ndugu hawaoani. Mimi nilikuwa nimeshika sinia. Nilimwangalia Khalfan usoni, mara ya kwanza bila kuinamisha macho, na yeye alikuwa ananiangalia mimi. Tulikuwa tunatafutana sura. Wallahi tulikuwa tunatafuta kama tunafanana.

Halua bado iko pale. Hakuna aliyeikata.

Jumamosi, 28 Novemba

Namchukia Bi Thureya. Nimetamani gari lingeharibika njiani asifike. Nimetamani angekuwa kasahau, wazee wangapi wanasahau. Astaghafirullahi.

Sijala. Muna anauliza kwa nini nauangalia ukuta.

Jumapili, 29 Novemba

Rahma kaja mbio. Kasema kwao Tabora walifundishwa mara tano. Kunyonya chini ya mara tano hakufanyi udugu. Kasema, "Tulia kwanza. Labda ilikuwa mara mbili tatu. Mtoto mchanga, anaonja tu, analala."

Nimesimama. Nimeoga. Nimekula mkate.

Baba naye kashika hapo hapo. Kesho tunakwenda kwa kadhi, sote, na Bi Thureya. Khalfan atakwenda na gari jingine.

Usiku kucha nimeomba Mungu iwe mara mbili. Ni dua gani hii. Naomba mtoto aliye na njaa awe hakushiba.

Jumatatu, 30 Novemba

Kadhi ni mzee mpole, ana sauti ndogo. Kasikiliza mpaka mwisho. Kasema kwa madhehebu yetu hakuna kuhesabu. Maziwa yakifika tumboni, kidogo au mengi, basi. Baba kasema kuna wanachuoni wengine wanasema tano. Kadhi kasema anajua, na hawakejeli. Kisha kamgeukia Bi Thureya, kamuuliza ilikuwa mara ngapi.

Bi Thureya alikuwa analia. Kasema, "Sheikh, hazihesabiki. Asubuhi, mchana, magharibi. Karibu msimu mzima. Alinenepa. Akimwona Moza tu anarusha miguu."

Hapo nimekwisha.

Khalfan alikuwa kakaa nyuma, karibu na viatu. Kauliza jambo moja tu. Kamuuliza shangazi yake, "Hukuweza kunyamaza?" Hakusema kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua njia.

Shangazi kasema, "Ningeweza. Nanyi mngeishi kwa raha. Na mimi nikifa nimkute Moza pale, nimwambie nini?"

Mimi nimemuuliza kadhi, je, niliyoyafikiri ni dhambi? Niliona haya kuuliza mbele ya Baba lakini nimeuliza. Kasema usilolijua huandikiwi. Kuanzia leo ndio unajua.

Kuanzia leo. Kama kwamba moyo una mlango wa kadhi.

Alkhamisi, 3 Desemba

Baba kakaa na sahani ya chakula mpaka kikapoa. Kasema, "Ningemkatalia mimi? Mtoto anakufa, ningesema hapana? Aliniona mimi mtu wa namna gani?" Anamuuliza Mama.

Nimemkumbatia. Ni mwepesi.

Leo nimemwambia Muna asiseme tena Baba Farasi. Aseme Mjomba. Kasema hapana. Nimemwambia tena. Kasema, "Mjomba hana farasi." Nimempiga kofi mkononi. Sijapata kumpiga. Tumelia wote wawili jikoni, kisha nimempa sukari.

Leso zile mbili nimempa jirani, binti yake anaolewa. Udi nimeubakisha.

Jumanne, 8 Desemba

Nimekwenda kwa kamati kusema nataka kuikabidhi bendera. Wameniuliza, naolewa? Nimesema hapana. Wamesema basi hakuna sababu. Sur wanatungoja, wameambiwa kuna mwanamke anayeongoza, hawataki mwingine.

Rahma angeipenda. Kasema, "Sitaki bendera ya namna hiyo, bibi wewe. Panda."

Alkhamisi, 10 Desemba. Sur.

Sikutaka kuja. Niko hapa.

Baba kabaki nyumbani, mgongo umemshika kweli safari hii. Nikafikiri sitakwenda, sina mtu wa kunisindikiza. Baba kasema, "Una kaka." Kasema bila kuniangalia. Basi nimekuja na Khalfan, halali kabisa, hakuna ulimi wa mtu unaoweza kutugusa. Nimekaa mbele. Kutoka Ibra mpaka Sur. Rahma na Muna nyuma wanaimba. Sisi wawili hatukusema neno mpaka Al Kamil.

Pale kasimamisha, kashuka, kachungulia farasi, karudi, hakuwasha gari. Kasema, "Alikuwa vipi?"

Nikasema nani.

Kasema, "Mama yetu."

Yeye hana hata picha ya mama wa kumzaa. Kakua kwa mama wa kambo huko Dubai, hakuwa mtu mbaya wala mzuri. Nikamwambia. Mama alikuwa mfupi. Alikuwa anasuka ukili huku anatembea. Alikuwa mkali kwa maji, usimwage. Akicheka anaziba mdomo kwa sababu ya jino. Mkono wake ulikuwa na harufu ya bizari hata Ijumaa. Nilikuwa na miaka kumi na mbili alipokufa, sikumaliza kumjua.

Kasikiliza yote. Kafuta uso kwa kilemba. Kawasha gari.

Ardha. Bahari iko pale nyuma ya watu, inang'aa, imenisumbua macho. Nimetoka na bendera. Nimezunguka. Nimesimama mbele ya wakubwa. Nimetabasamu, kwa sababu wa mbele lazima atabasamu, wasichana wa skuli walikuwa wamepangwa wananipungia. Msichana mmoja kapiga kelele kwamba na yeye akikua atakuwa mimi. Nilitaka kushuka nimwambie asitake.

Hapana. Si kweli. Nilitaka kumwambia atake farasi tu.

Ghazala kaenda vizuri kuliko Nizwa. Anajua kazi yake, hajui kitu kingine. Namwonea wivu.

Jumatano, 23 Desemba. Ibra.

Khalfan kaja kumwona Baba, kaletwa moja kwa moja mpaka ndani, kama mtoto wa nyumba. Mimi nilikuwa nakanda unga, kichwa wazi. Nimeruka kutafuta mtandio. Bi Thureya, ambaye hajarudi Dubai bado, kasema, "Kaa, mwanangu. Ni kaka yako. Unamfunikia nini?"

Nimejifunika. Sheria inasema sina haja. Mikono yangu haijasoma sheria.

Yeye kageukia ukuta mpaka nikamaliza. Tumeshukuru wote kimyakimya, nadhani.

Jumamosi, 26 Desemba

Muna kasema Mjomba. Hakuambiwa na mtu. Alimwona anapita na farasi mwekundu, kapiga kelele dirishani, "Mjomba, na mimi."

Kampakia mbele yake, wamekwenda mpaka mitendeni na kurudi.

Nimesimama mlangoni. Sijui niliyokuwa nayahisi. Si maumivu yote.

Jumamosi, 9 Januari 1982

Bi Thureya kanikalisha. Kanishika mkono. Nilijua linakuja jambo, kwa sababu hakutania.

Kasema Khalfan lazima aoe. Kakataa, kakataa, sasa kanyamaza, na kunyamaza ndio kukubali. Ana miaka ishirini na sita, anakula mkate na samaki wa kopo. Kuna watu Birkat al Mauz, Waunguja pia, kwanza waliishi Pemba. Wana binti. Kawauliza kwanza habari za kunyonya, kila mmoja, mpaka mabibi. Hakuna kitu. Lakini mwanamume hawezi kwenda kumtazama msichana mwenyewe. Anayekwenda ni mama. Mama hayupo. Basi anakwenda dada.

Nikasema, "Bibi, nihurumie."

Kasema, "Nakuhurumia. Ndiyo maana sikukwambia mwezi uliopita."

Kisha kasema, na hili limenikaa, "Nani mwingine atamchagulia kwa mapenzi? Mimi? Mimi naangalia kama anajua kupika. Wewe utaangalia kama atamtunza."

Namchukia kidogo sana sasa.

Jumatatu, 18 Januari

Nimempanda Ghazala peke yangu, bila bendera, mpaka Ibra ya juu kwenye magofu. Nimepiga mbio mpaka sote wawili tumechoka. Nimeshuka, nimelia kwa sauti, hakuna mtu ila mbuzi.

Nimerudi nimemwambia Bi Thureya nitakwenda.

Khalfan alikuwa anapakia shayiri. Nimepita, nimesema, "Nakwenda kukuangalizia mtu." Hakuinua kichwa. Kasema, "Ukimpenda wewe, basi." Kaendelea kubeba.

Ijumaa, 29 Januari

Tumekwenda Birkat al Mauz. Mimi, Bi Thureya, na Muna. Baba katupeleka na Datsun, kakaa na wanaume.

Nyumba iko chini ya mlima, migomba mpaka mlangoni, mfereji unapita uani. Baridi. Wametupa chai ya tangawizi na ndizi za kupika kwa nazi. Nazi kweli, sijui wameipata wapi. Bi Thureya kala, kasifu, katania, kazi yake.

Binti anaitwa Nunuu. Umri wa miaka kumi na tisa, mrefu kuliko mimi. Kaleta sinia, hakuangalia watu. Muna alipomwaga chai, Nunuu kaifuta kwa pindo la nguo yake mwenyewe, haraka, kabla mama yake hajaona, na kamkonyeza Muna. Nimeliona hilo. Nilikuja nikitafuta ubaya, nasema kweli. Nilitaka awe mvivu au mwenye maringo. Nimeangalia kucha, nimeangalia jikoni, nimemsikiliza anavyomwita mdogo wake.

Mama yake kaniambia, "Wewe ndiye wa bendera. Tulikuona Nizwa. Nunuu alisema, huyu watu wake lazima wema." Kisha kaweka kikombe, kauliza sawasawa, kama mama anavyotakiwa kuuliza. "Kaka yako ni mtu wa namna gani?"

Bi Thureya kageukia chai yake. Kaniachia mimi.

Nikawaambia. Nikasema hajapata kupiga mnyama. Farasi anayeuma watu, kwake anaweka kichwa begani. Nikasema akishona kitu hakikatiki. Hucheka kwa mabega. Hasemi uwongo, hata pale ambapo uwongo ungesaidia. Mtoto wangu anampenda. Kakua bila mama na hakuwa mkali. Nikasema Kiswahili chake kibovu kidogo, asichekwe sana. Nilikuwa nasema tu, sikuweza kusimama, na wale wanawake wote walikuwa wametulia wananisikiliza, na Nunuu alikuwa kainua uso.

Mama yake kasema, "Na kasoro? Hakuna mtu asiye na kasoro, mwanangu."

Nikafikiri. Nilitaka kumpa moja ya kweli.

Nikamwambia Nunuu mwenyewe, si mama yake. "Akiwa na kazi husahau kula. Haombi, hata akiwa na njaa. Itabidi umkumbushe."

Kaitikia kwa kichwa, kwa makini, kama mtu anayeambiwa ufunguo umewekwa wapi.

Kwenye gari Bi Thureya kauliza nimemwonaje. Nimesema nimeridhika. Muna kalala magotini mwangu, mdomo una harufu ya ndizi. Baba kaendesha polepole.